Redio ya ridhaa na utabiri wa hali ya hewa katika mashua za tanga

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya redio yanayofanywa na watu binafsi wenye leseni, bila malipo na bila biashara yoyote ndani yake. Kwa mashua za tanga zinazovuka bahari kuu, imekuwa kwa miongo mingi mojawapo ya njia za kutegemewa za kujua upepo wa kesho. Ubora wake hauko kwenye kupokea tu. Nahodha yule yule anayesikiliza utabiri, dakika chache baadaye anasoma barometa yake hewani, na mwenzake aliye maili 200 nyuma anaamua kwa taarifa hiyo kama akunje tanga kabla ya giza. Mashua inakuwa msikilizaji na kituo cha hali ya hewa kwa wakati mmoja.

Mfano mzuri wa zamani ni chelezo cha Kon-Tiki cha Thor Heyerdahl, kilichoondoka Callao, Peru, Aprili 28, 1947. Ndani yake walikuwamo mafundi wa redio wawili, Knut Haugland na Torstein Raaby, walioifanya kazi hiyo kwa hatari kubwa katika upinzani wa Norway wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kituo chao kilitambulika hewani kwa alama LI2B. Kwa nguvu ya wati chache tu waliwapata waendesha redio wa ridhaa wa Marekani, wakawapa vipimo vya hali ya hewa ili wavifikishe kwa idara ya hali ya hewa ya nchi yao. Sehemu ile ya Pasifiki haikuwa na meli nyingi, hivyo kila kipimo kutoka chelezoni kilikuwa na thamani. Agosti 7, baada ya siku 101, Kon-Tiki ilikwama kwenye mwamba wa Raroia, vyombo vya redio vikalowa, na mafundi wale wakahangaika kuvikausha ili dunia ijue kwamba wote sita wako hai.

Wati chache zinafikaje mbali hivyo? Redio ya kawaida ya baharini, ile ya masafa ya VHF, husafiri karibu sawa na upeo wa macho na huishia maili 20 au 30 hivi kati ya mashua na kituo cha pwani. Mawimbi mafupi, yanayotumiwa na redio ya ridhaa, hupanda hadi ionosfia, tabaka la hewa lililochajiwa na jua, na kurudishwa chini mamia au maelfu ya kilomita mbele. Ndiyo maana saa ya kuita ni muhimu kama nguvu ya mtambo. Mchana masafa ya megahezi 14 hufika mbali. Usiku mabaharia wengi hushuka hadi megahezi 7 au chini zaidi. Mlipuko mkubwa kwenye jua unaweza kuyanyamazisha yote kwa saa kadhaa, na hapo hakuna ufundi wa nahodha utakaosaidia.

Katika mashua, antena mara nyingi ni waya ule ule wa chuma unaoushika mlingoti kwa nyuma, uliokatwa na kuwekewa vihami juu na chini. Upande wa pili wa antena ni bahari yenyewe, inayounganishwa kwa utepe wa shaba. Maungio ya utepe huo huliwa na chumvi, na redio inayosikia vizuri lakini haisikiki mara nyingi ina tatizo hapo. Mtambo wa wati 100 unavuta takriban ampea 20 kutoka betri ya volti 12 unaporusha, kwa hiyo mazungumzo huwa mafupi. Kabla ya kusikiliza, friji na kigeuza umeme huzimwa, maana kelele zake humeza sauti dhaifu.

Mabaharia hukutana hewani kwa saa maalumu, katika vikao vinavyoongozwa na mtu aliye nchi kavu. Masafa ya kilohezi 14,300 yanajulikana kwa vikao vya Atlantiki na Pasifiki. Kwa Bahari ya Hindi ya kusini, kikao cha Afrika Kusini kimekuwa kikisikika kwenye kilohezi 14,316 saa 06:30 na 11:30 za kimataifa, yaani saa tatu na nusu asubuhi na saa nane na nusu mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Mwongozaji huita mashua moja baada ya nyingine. Kila moja hutaja latitudo na longitudo, mwelekeo na kasi ya upepo, mawimbi, mawingu na usomaji wa barometa, kisha hupewa utabiri wa eneo lake. Asiyeitikia siku ya kwanza huulizwa kwa wenzake. Asiyeitikia siku ya pili huanza kutafutwa.

Faida ya kikao hicho huonekana hasa kwa mashua inayotoka Madagaska au Msumbiji kwenda Durban na kuendelea kusini. Pwani hiyo ina mkondo wa Agulhas, unaokwenda kusini-magharibi kwa kasi inayoweza kufika maili 5 kwa saa. Upepo wa kaskazini-mashariki ukivuma, mkondo na upepo vinasukuma pamoja na safari ni tamu. Kisha barometa hushuka, upepo hutulia kidogo, na ghafla dhoruba ya kusini-magharibi hupiga uso kwa uso na mkondo. Mawimbi husimama wima na kukaribiana, na yameshavunja hata meli kubwa. Nahodha aliyesikia kutoka kwa mashua iliyo mbele kwamba barometa yake imeacha kushuka anapata saa chache za kukimbilia bandarini au kusogea pwani, nje ya nguvu ya mkondo. Saa hizo chache hazina bei.

Njia nyingine ya kupata utabiri haihitaji hata leseni ya kurusha: ramani za hali ya hewa zinazotumwa kwa faksi ya redio. Idara ya hali ya hewa ya Ujerumani huzirusha kutoka Pinneberg, karibu na Hamburg, na Walinzi wa Pwani wa Marekani kutoka Boston, New Orleans, Point Reyes na Kodiak. Msikilizaji huweka redio kilohezi 1.9 chini ya masafa yaliyotangazwa. Kwa kituo cha 7,880 anaandika 7,878.1. Sauti inayotoka ni mkwaruzo wa kurudiarudia, na kompyuta huugeuza kuwa picha, mstari mmoja kila nusu sekunde. Kwanza hutokea ukingo wa ramani, kisha pwani, kisha mistari ya mgandamizo wa hewa. Inapobanana, upepo ni mkali.

Kwa mfumo wa Winlink, wenye leseni hutuma barua pepe kupitia mawimbi mafupi na kuomba mafaili madogo ya GRIB, yenye mishale ya upepo ya siku kadhaa. Mafaili haya ni matokeo ghafi ya kompyuta ambayo hakuna mtabiri aliyeyapitia, na mara nyingi hupunguza ukali wa upepo wa ngurumo au wa karibu na milima. Kuyalinganisha na ramani iliyochorwa na mtabiri, na barometa ya ukutani, ni kazi ya kila siku.

Sheria za redio ya ridhaa ni nyepesi lakini hazikwepeki. Leseni hupatikana kwa mtihani, na kwenye bahari kuu mashua hufuata sheria za nchi ya bendera yake, ikiongeza herufi MM kwenye alama yake. Ikiingia maji ya nchi nyingine, inahitaji idhini ya huko; alama za Kenya huanza na 5Z na za Tanzania na 5H. Mazungumzo ya biashara hayaruhusiwi. Maisha yakiwa hatarini, kituo chochote kinaweza kutumia njia yoyote iliyopo kuomba msaada.

Siku hizi vyombo vya setilaiti huleta utabiri haraka na kwa picha nzuri zaidi, na mashua nyingi zimehamia huko. Lakini setilaiti huzungumza na mashua moja moja, ilhali redio husikiwa na zote. Juni 1994, dhoruba ilipozikuta mashua zilizokuwa njiani kutoka New Zealand kwenda Tonga, kituo cha kujitolea cha Kerikeri Radio kilikusanya nafasi na hali za mashua hizo kwa mawimbi mafupi, huku kila nahodha akisikia wenzake wako wapi. Mashua 7 ziliachwa baharini na watu 21 wakaokolewa. Mashua nyingine, Quartermaster, ilipotea pamoja na watu wake 3.