CHUPA ZISIZO NA JINA
Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Fungueni daftari zenu, lakini kalamu ziwekeni chini kwanza. Sikilizeni habari hii mpaka mwisho, kisha nitawapa kazi ya kufanya.

Habari yenyewe ni ya divai, yaani kinywaji kitokanacho na maji ya zabibu yaliyochachuka. Najua wengi miongoni mwenu hawanywi pombe, kwa sababu ya dini au kwa hiari yao. Msiwe na wasiwasi. Somo hili halimwiti mtu kunywa. Ni somo la historia, na swali lake lamhusu kila mtu auzaye au anunuaye kitu. Je, twajuaje kwamba kitu ni kizuri? Kwa jina lake, au kwa kukijaribu?

Twende kwanza Ufaransa, upande wa kusini-magharibi. Hapo pana mji wenye bandari uitwao Bordeaux. Watu wa huko wamelima mizabibu tangu zamani za Warumi. Divai yao nyekundu kwa kawaida hutengenezwa kwa kuchanganya zabibu za aina mbalimbali, na zilizo maarufu ni Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc.

Divai hiyo ikiwa changa huwa kali mdomoni. Mkitaka kuujua ukali huo, kumbukeni chai ya rangi iliyokaa mno na majani yake, au ndizi mbichi. Ulimi hukauka na ufizi huwa kama umeshikwa. Huo ndio ukakasi. Katika divai, ukakasi hutoka katika maganda na kokwa za zabibu. Chupa ikilazwa mahali penye baridi na giza kwa miaka kumi, ishirini au zaidi, vile vitu viletavyo ukakasi hushikamana, na baadhi yake huzama chini kama mashapo. Hapo divai hulainika. Rangi yake, ambayo ilikuwa ya zambarau, hugeuka ikafanana na tofali. Harufu ya matunda hupungua, ikaja nyingine kama ya ngozi, tumbaku au majani makavu.

Lakini si kila divai iwezayo kuvumilia miaka. Iliyo dhaifu huchakaa tu. Kwa hiyo umri peke yake si sifa. Sifa ni kuzeeka vizuri.

Sasa, nani aliyeamua kwamba divai ya shamba hili ni bora kuliko ya lile? Mwaka 1855 yalifanywa maonyesho makubwa mjini Paris, wakati wa utawala wa Napoleon wa Tatu. Ilitakiwa orodha ya divai bora za Bordeaux. Madalali wa mji huo wakaiandika, wakayapanga mashamba katika madaraja matano. Walipima kwa bei, yaani walitazama divai ya kila shamba ilikuwa ikiuzwa kwa fedha ngapi. Katika divai nyekundu, mashamba manne yaliwekwa daraja la kwanza: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Orodha hiyo ingali ikitumika mpaka leo, nayo imebadilika kidogo sana. Badiliko kubwa lilikuwa mwaka 1973, shamba la Mouton lilipopandishwa kutoka daraja la pili kwenda la kwanza, baada ya mwenyewe, Philippe de Rothschild, kulipigania jambo hilo kwa miaka mingi.

Fikirini neno hili. Bei ililipa shamba jina, kisha jina likaipandisha bei. Mtu mgeni, hata akilima vizuri namna gani, angeingilia mlango gani?

Wageni hao walikuwako Marekani, katika jimbo la California. Nchini mwao pombe ilipigwa marufuku tangu mwaka 1920 mpaka 1933, na watengenezaji wengi wa divai wakafunga kazi. Baadaye watu walianza upya. Mmoja wao alikuwa Warren Winiarski, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu mjini Chicago. Aliacha kufundisha, akahamia na jamaa yake bonde la Napa, akajifunza kazi akiwa kibarua kwa wengine. Mwaka 1970 alipanda mizabibu yake mwenyewe.

Basi mjini Paris palikuwa na Mwingereza muuza divai, jina lake Steven Spurrier. Yeye na mwenzake Patricia Gallagher, ambaye ni Mmarekani, waliamua kuzipambanisha divai za nchi hizo mbili. Tarehe 24 Mei 1976 waliwakusanya waonjaji mashuhuri wa Kifaransa. Kati yao walikuwamo mkaguzi wa serikali, wenye hoteli za chakula na wenye mashamba. Divai nyekundu zilikuwa kumi: nne za Bordeaux, zikiwamo Mouton na Haut-Brion, na sita za California.

Divai zilimiminwa katika chupa zisizo na jina. Muonjaji alitazama rangi, akanusa, akaonja kidogo, akatema, kisha akaandika alama kati ya sifuri na 20. Alama zilipojumlishwa, watu walishangaa. Ya kwanza katika nyekundu ilikuwa ya Winiarski, Stag's Leap ya mwaka 1973, iliyotoka katika mizabibu yenye umri wa miaka mitatu tu. Mouton ilikuwa ya pili. Katika divai nyeupe pia, ya kwanza ilikuwa ya California. Muonjaji mmoja alitaka arudishiwe karatasi yake ya alama, asipewe.

Hapa tuwe waangalifu, tusije tukashangilia kupita kiasi. Kati ya ya kwanza na ya pili, tofauti ya wastani haikufika hata nusu alama. Tena waonjaji wenyewe hawakukubaliana, kwani divai moja ilipewa alama nyingi na huyu na chache sana na yule. Wataalamu wa hesabu waliozichunguza alama zile baadaye walisema tofauti ile ni ndogo mno, haitoshi kusema kwa yakini kwamba Stag's Leap ilikuwa bora kuliko Mouton. Lakini jambo moja lilithibitika: watu waliojua sana, walipofichwa majina, hawakuweza kuzitenga divai za mabwana na za wageni.

Wafaransa walikuwa na jibu, tena jibu la maana. Walisema, divai zetu hazikutengenezwa ili zinywewe upesi. Ngojeni zizeeke, ndipo mtaona. Neno hilo halikuweza kujibiwa kwa maneno. Lilitaka miaka.

Miaka ikapita. Mwaka 1986 divai zile zilionjwa tena mjini New York, na ya kwanza ikawa Clos du Val ya California, ya mwaka 1972. Kisha tarehe 24 Mei 2006, miaka thelathini kamili baada ya siku ile ya Paris, chupa zilifunguliwa siku moja London na Napa. Sasa divai zilikuwa nzee kweli. Ya kwanza ilikuwa Ridge Monte Bello ya mwaka 1971, ya pili Stag's Leap. Nafasi tano za kwanza zote zilikwenda California. Mouton ilikuwa ya sita.

Je, Bordeaux iliangamia? Hata kidogo. Divai zake zingali zikitafutwa duniani kote. Kilichoanguka ni ile imani kwamba ardhi ya mahali pamoja tu ndiyo iwezayo kuzaa kitu bora. Spurrier alifariki mwaka 2021 na Winiarski mwaka 2024. Chupa moja ya Stag's Leap ya 1973 imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya historia mjini Washington.

Wanafunzi wangu, ninyi mnajitahidi kujifunza kusoma, na kusoma ni nguvu. Lakini kumbukeni kwamba maandishi yaliyobandikwa juu ya chupa, mfuko au kopo ni maneno ya muuzaji. Yasomeni, kisha pimeni kilichomo ndani.

Kazi yenu ni hii. Mwalimu wa darasa atengeneze chai ya majani ya namna tatu, ayafiche majina, na kila mtu aonje na kuandika alama zake bila kumtazama jirani. Halafu fichueni majina, mjadiliane.

Andikeni maneno haya: ukakasi, mashapo, dalali, wastani.

Maswali:
1. Madalali wa mwaka 1855 walipima ubora wa divai kwa kitu gani?
2. Kwa nini majina yalifichwa mwaka 1976?
3. Jibu la Wafaransa lilikuwa nini, na lilijaribiwa namna gani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.