Reli ya Wakili Pearson

Katika miaka ya 1840, mtu aliyefika London kwa garimoshi alishushwa pembezoni. Tume ya serikali ya mwaka 1846 ilipendekeza reli zisipenye katikati ya jiji, na stesheni kubwa za kaskazini, yaani Paddington, Euston na baadaye King's Cross, zilikomea nje ya kitovu chake. Kutoka hapo abiria alipanda gari la farasi au alitembea kwa miguu, akipenya kati ya mikokoteni, mabasi ya farasi na mifugo iliyokuwa ikiswagwa kwenda soko la Smithfield.

Wengi waliuona msongamano huo kama hasara ya biashara. Charles Pearson, wakili wa Halmashauri ya Jiji, aliona zaidi watu waliorundikana katika vyumba vya bonde la mto Fleet, kwa kuwa kibarua hakumudu kulala mbali na kazi yake. Hoja yake ilikuwa nyepesi: wapeni treni ya nauli ndogo, nao watahamia kwenye hewa safi na kurudi mjini kila asubuhi. Reli hiyo ipite chini ya barabara.

Ilimchukua zaidi ya miaka kumi kushawishi. Bunge lilitoa kibali mwaka 1854, kisha Vita vya Crimea vikafanya mtaji kuwa adimu. Pearson hakuwa mkurugenzi wa kampuni ya mradi huo, iliyoitwa Metropolitan Railway, lakini ndiye aliyeibembeleza Halmashauri hadi ikatia pauni 200,000. Bila fedha hizo, sidhani kama mradi ungenusurika.

Kazi ilianza mwaka 1860 chini ya mhandisi John Fowler. Sehemu kubwa ilifanywa kwa kupasua barabara: vibarua walichimba mtaro mpana, wakajenga kuta za matofali pande zote mbili, wakaziba juu kwa tao, kisha wakarudisha udongo na barabara juu yake. Lakini kutoka King's Cross kwenda Farringdon njia iliacha barabara na kufuata bonde la Fleet, na humo mlikuwa na nyumba. Ikawa bomoabomoa. Wenye nyumba walilipwa fidia. Mpangaji wa kodi ya wiki alipewa notisi tu, akakusanya vyombo vyake na kwenda kubanana katika vichochoro vya jirani vilivyokwisha kujaa. Hao ndio Pearson aliokuwa akiwapigania, na hesabu za mradi hazikuwa na fungu lao.

Juni 1862 mto Fleet, ambao wakati huo ulikuwa umefungiwa ndani ya mfereji wa maji machafu, ulipasuka na kumwaga uchafu ndani ya machimbo hadi kina cha karibu mita tatu. Miezi mitatu baadaye, Septemba, Pearson akafariki dunia. Alikuwa amekataa zawadi ya kampuni. Baadaye mjane wake ndiye aliyepewa pauni 250 kwa mwaka.

Tarehe 10 Januari 1863 milango ilifunguliwa kwa umma, na siku hiyo watu wapatao 38,000 walisafiri kati ya Paddington na Farringdon, umbali wa kilomita 6 hivi. Walikaa katika mabehewa ya mbao yenye taa za gesi, yakivutwa na injini za mvuke. Fowler alikuwa amejaribu injini yenye matofali yaliyopashwa moto ili isitoe moshi, ikashindwa. Zilizotumika zilielekeza mvuke kwenye matangi ya maji baridi, lakini moshi haukuwa na pa kwenda, na abiria walishuka wakikohoa. Hata hivyo, mwaka wa kwanza uliingiza abiria milioni 9.5.

Mwaka 1864 kampuni ilianzisha treni za alfajiri za wafanyakazi, kwenda na kurudi kwa peni tatu, nauli ambayo abiria wengine wa daraja la tatu waliilipa kwa safari ya kwenda peke yake. Fundi mwenye ajira ya kudumu alinufaika. Kibarua wa kuokoteza, aliyelazimika kuwa kwenye lango la mahali pa kazi mapema bila kujua kama ataitwa, alibaki karibu na lango hilo.

Baadaye ilipatikana njia ya kuchimba bila kupasua barabara. Ardhi ya London ina tabaka nene la udongo wa mfinyanzi, rahisi kuchimbika na mgumu kupitisha maji. Mhandisi James Greathead aliutumia vizuri: alisukuma ngao ya chuma ya mviringo ndani yake, na nyuma ya ngao mafundi wakaunga pete za chuma kuwa bomba. Kwa njia hiyo, barabara haikupasuliwa tena wala mitaa kuvunjwa. Mwaka 1890 reli ya City and South London ilianza kupita chini ya mto Thames hadi Stockwell, ikivutwa kwa umeme. Haikuwa na daraja la kwanza wala la tatu: mwenye benki na mfagiaji walilipa peni mbili zilezile na kukaa behewa moja. Pearson alikuwa na miaka 28 kaburini.