Makumbusho na Mafunzo Yasiyo ya Darasani

Watu wengi hudhani ya kuwa nyumba ya makumbusho ni ghala la vitu vya kale, na kwamba kitu kikishawekwa nyuma ya kioo na kuandikwa jina lake, kimekwisha kufundisha. Historia ya Shanwe, katika mji wa Mpanda, na ya nchi jirani yaonyesha vingine.

Kusini yake, katika Ufipa, mafundi waliyeyusha chuma katika tanuri refu la udongo liitwalo ilungu. Tanuri hilo halikuvukutwa. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuri dogo lenye mivukuto. Elimu hiyo haikuandikwa. Ilipatikana kazini, kwa kuchoma makaa, kubeba mawe ya chuma, kumtazama fundi na kushika miiko yake. Maana ilungu lilihesabiwa kuwa kama bibi arusi, na kuyeyusha kama uzazi. Kazi ilipokoma katika karne ya 20, matanuri yalibaki yamesimama, bali wenye kuyaeleza wakawa haba.

Sanaa nayo ina mfano wake. Hans Cory, mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alikusanya vinyago vya udongo vya jando na unyago, akatoa kitabu juu yake mwaka 1956. Huko unyagoni kinyago hakikuonyeshwa kimya. Kilikuwa na wimbo wake, na maana yake ilifumbwa hata kungwi alipomfumbulia mwari. Kikitengwa na wimbo na kungwi, hubaki udongo mtupu.

Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, kilikaribia njia hiyo: nyumba za makabila mbalimbali zilijengwa hapo kwa desturi za wenyewe, na ngoma zikachezwa mbele yake.

Shanwe nayo ina jambo la kuhifadhi. Mgodi wa risasi wa Mpanda, ambao kwa ajili yake reli ilivutwa kutoka Kaliua, ulifungwa mwaka 1960. Kijana wa miaka 20 wakati ule sasa amepita miaka 80. Reli yaweza kungoja, mzee hangoji. Basi anayetaka kuwafundisha watoto wa Shanwe habari za mgodi, na atangulize kumketisha mzee huyo pamoja nao, ndipo atafute nyundo yake.