Taa zilizomuumbua Kyllo

Baada ya kipindi cha wiki hii wengi mmeniuliza: bangi ya kulimwa ndani, taa na sheria vinahusianaje? Vinahusiana sana, jamani.

Miaka ya 1980, helikopta za serikali zilipoanza kusaka mashamba ya California, wakulima wengi walihamia ndani. Ndani hakuna jua, basi wakafunga taa kubwa, mara nyingi za wati 1000. Taa hizo zinakula umeme na kutoa joto. Hayo mawili ndo yalimuumbua Danny Kyllo wa Florence, Oregon. Mwaka 1992 maafisa walichunguza bili zake za umeme, kisha wakaipima nyumba yake kwa kamera ya joto wakiwa barabarani. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 5 kwa 4, kwamba huo ni upekuzi, na unahitaji kibali.

Leo Colorado taa hizohizo zina leseni, na kamera za ulinzi ni lazima. Ila kamera hazimlindi mfanyakazi asiye raia: mwaka 2019 idara ya uhamiaji ilisema kazi ya bangi, hata jimbo likiiruhusu, inaweza kukunyima uraia. Kama una grini kadi tu, muone mwanasheria kabla hujaomba hata kazi ya kufunga hizo taa.