Mikono ya Mbesa

Mbesa iko wilayani Tunduru, mashariki ya Songea, katika nchi ya Wayao, wengi wao Waislamu. Hospitali yake ni kazi ya wamisionari wa Kijerumani na Kanisa la Biblia.

Mwaka 1988, Msumbiji ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe (1977 hadi 1992), mwanafunzi mmoja wa chuo cha Biblia alipewa kazi ya kumwogesha mgonjwa mkimbizi, mzee Mwislamu asiye na ndugu. Mzee alipofariki, kijana alimwita shehe, akazikwa Kiislamu.

“Mwalimu,” aliniuliza, “sikumhubiria hata neno moja. Je, nimekosa?”

Siku ile nilinyamaza. Leo, ndugu msomaji, ningemjibu: historia huwataja waliojenga kuta, mzee yule aliijua mikono yako.