Pointi, nambari ya simu na tiketi ya ndege: historia inayopitia Gilgil

Nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa nyumbani Gilgil, na mtandao wa kwetu huja na kuondoka kama mvua. Mada ya leo nimeitoa huko huko.

Ilikuwa Jumamosi, tumekaa Kikopey kando ya barabara kuu tukingoja nyama iive. Jirani yetu mmoja, kijana aliyepata kazi Nairobi hivi majuzi na kadi yake ya kwanza ya mkopo, akaniuliza: "Kaka, ni kweli hizi pointi za kadi zinaweza kunipeleka Dubai bure?" Alikuwa amesoma mtandaoni jinsi Wamarekani wanavyozunguka dunia daraja la kwanza bila kutoa hata senti. Nilimwambia kwamba jibu fupi ni hapana, na kwamba jibu refu linaanza na kompyuta. Nyama ilichelewa, basi nikapata nafasi ya kumpa lile refu. Nanyi pia nawapa.

Desturi ya kumlipa mteja kwa vikaratasi ni ya zamani kuliko kompyuta. Huko Marekani, kampuni ya Sperry & Hutchinson ilianza mwaka 1896 kuwauzia wenye maduka stempu za kijani. Mteja alipewa stempu kulingana na alichonunua, akazibandika kwenye kitabu, na kitabu kikijaa akaenda kuchukua sufuria au taa. Stempu zilikuwa na udhaifu mmoja: hazikumjua aliyezibandika. Mwenye duka hakuweza kusema ni nani hununua kwake kila wiki na ni nani alipita tu siku ya mvua.

Kompyuta ndiyo iliyobadilisha hilo. Mwaka 1953, C. R. Smith, mkuu wa shirika la ndege la American Airlines, alijikuta ndani ya ndege ameketi karibu na mfanyakazi wa IBM ambaye naye aliitwa Smith. Mazungumzo yao yalizaa Sabre, mfumo wa kompyuta wa kuweka nafasi za ndege ulioanza kazi mwaka 1960 na kukamilika mwaka 1964. Kabla yake, makarani walikuwa wakihangaika na kadi za karatasi kujua kama kiti kimeshauzwa.

Sasa ruka hadi mwaka 1978. Serikali ya Marekani iliacha kuyapangia mashirika ya ndege nauli na njia, na mashindano yakawa makali. American Airlines ikataka kuwajua wateja wake wa kudumu ili wasihame. Lakini utawajuaje, ilhali hawana kadi wala akaunti? Hapa ndipo waprogramu wenzangu mtafurahi. Walichofanya ni kuitafuta ndani ya Sabre nambari ya simu iliyojirudia. Mtu anapoweka nafasi huacha nambari ya simu, na nambari inayoonekana mara nyingi ni ya mtu anayesafiri mara nyingi. Siku hizi kazi hiyo ni mstari mmoja wa SQL wenye GROUP BY. Waliwapata wasafiri 130,000 wa juu kabisa, wakawaandikisha hata kabla hawajaomba, na tarehe 1 Mei 1981 mpango wa AAdvantage ukazinduliwa. United walijibu kwa mpango wao wiki hiyo hiyo.

Naomba mkumbuke hiyo nambari ya simu. Tutairudia.

Mwaka 1987 Citibank ilitoa kadi ya mkopo iliyompa mtumiaji maili za AAdvantage kwa kununua vitu dukani. Tangu siku hiyo maili hazikuwa tena zawadi ya kusafiri. Zikawa bidhaa: shirika la ndege huzitengeneza kwa kuandika tarakimu kwenye hifadhidata, benki huzinunua kwa pesa taslimu, kisha huzigawa kwa wenye kadi. Ni nani anayelipa mwishowe? Mwenye duka. Kila kadi inapopitishwa kwenye mashine hukatwa asilimia fulani, na Marekani makato hayo kwa kadi za mkopo huweza kufika asilimia 2 na zaidi. Humo ndimo zawadi zinamotoka. Umoja wa Ulaya ulipoweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa sehemu ya makato inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi, kuanzia Desemba 2015, kadi nyingi za huko zilipunguza zawadi zake. Pesa zilikuwa zimekatwa kwenye mzizi.

Kwa hivyo kijana wangu wa Kikopey alikuwa akisoma maujanja ya nchi ambayo ina mto huo wa pesa, halafu anataka kuogelea huku kwetu ambako wengi hulipa kwa M-Pesa.

Nikimbie kidogo nje ya njia, maana kisa hiki hakinichoshi. Mwaka 1999 mhandisi mmoja wa California, David Phillips, aligundua kwamba kampuni ya Healthy Choice ilikuwa ikitoa maili kwa lebo za vyakula vyake, na kwamba kikopo cha bei ndogo kabisa kilichohesabika kilikuwa cha pudini. Alinunua vikopo 12,150 kwa takriban dola 3,140. Asingeweza kubandua lebo zote kwa wakati, basi aliwapa Salvation Army pudini zile nao wakamsaidia kubandua. Alipata zaidi ya maili milioni 1.2. Watu humsifu kwa ujanja. Mimi namsifu kwa sababu alijua bei ya maili moja kabla ya kutoa dola ya kwanza.

Je, maili hizo ni pesa kweli? Waulizeni wakopeshaji. Mwaka 2020, ndege zilipolala chini kwa sababu ya korona, United ilikopa dola bilioni 6.8 kwa kuweka rehani mpango wake wa maili. Mwaka uliofuata American ilikopa bilioni 10 kwa njia hiyo hiyo. Mpango wa United ulikadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22, kuliko thamani ya hisa zote za shirika lenyewe wakati huo. Yaani soko liliona kwamba hifadhidata ina thamani kuliko ndege na kila kitu kingine kikijumlishwa!

Lakini ni pesa ya namna ya ajabu, kwa kuwa anayeitoa ndiye anayepanga itanunua nini. Kenya Airways ilitumia kwa miaka mingi mpango wa Flying Blue wa Air France na KLM, kabla ya kuanzisha wa kwake uitwao Asante. Mwaka 2018 Flying Blue ilibadilisha hesabu: maili zikaanza kutolewa kulingana na pesa ulizolipa badala ya umbali uliosafiri, na bei ya tiketi kwa maili ikawa ya kupanda na kushuka badala ya kusomwa kwenye jedwali. Aliyekuwa ameweka akiba akilenga jedwali la zamani aliamka na lengo limehamishwa. Hakuna benki kuu ya kumlalamikia.

Sasa turudi nyumbani, maana kwa habari ya pointi, eneo hili la kati ya Bonde la Ufa lina historia yake. Nakumatt, jina lililokuwa kubwa kuliko yote katika supamaketi za Kenya, maana yake ni Nakuru Mattresses, duka la magodoro la Nakuru. Tuskys nayo chimbuko lake ni Rongai, magharibi ya Nakuru. Naivas ni Naivasha Self Service Stores ya mwaka 1990. Gilgil iko katikati, kati ya Naivasha na Nakuru. Sisi watoto wa hapa tuliwaona matajiri wa maduka wakipita pande zote mbili.

Nakumatt ilikuwa na kadi yake, Smart Card. Ununue, upitishe, pointi ziingie. Katika kilele chake ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na kuwa na ile kadi kwenye pochi kulikuwa alama ya maendeleo. Kisha madeni yakaifunika, zaidi ya shilingi bilioni 30. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe. Katika foleni ya namna hiyo wenye mikopo ya dhamana hutangulia, na asiye na dhamana yoyote hukaa nyuma kabisa, wakiwemo wauzaji waliopeleka maziwa na sukari. Mwenye pointi hukaa huko huko nyuma, naye aghalabu hajui hata kwamba anadai. Tuskys ilifuata njia hiyo miaka michache baadaye. Naivas ndiyo iliyobaki imesimama.

Wahasibu wao walijua kwamba pointi ni deni. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 2007, iitwayo IFRIC 13, iliyataka makampuni yatenge sehemu ya mapato kwa ajili ya pointi ambazo hazijatumiwa. Ni sisi wenye kadi tuliodhani ni zawadi.

Mwaka huo huo wa 2007 Safaricom ilileta Bonga Points. Hapo nambari ya simu inarudi. Mwaka 1981 American Airlines iliitumia nambari kumtambua msafiri. Huku kwetu nambari ikawa yenyewe akaunti, bila kadi wala fomu. Pointi moja kwa kila shilingi 10 za kupiga simu, unaangalia kwa *126#. (Gilgil tunayo haki ya kujivuna kidogo katika mambo ya simu. Kiwanda cha Gilgil Telecommunications Industries, chini ya lililokuwa Shirika la Posta na Simu, kilitengeneza simu za mezani hapa hapa mjini.)

Kwa miaka mingi Bonga zilitumika hasa kununua vitu kama simu, dakika na meseji. Aprili 2020, wakati wa korona, zikaruhusiwa kulipia bidhaa dukani kupitia Lipa na M-Pesa, kwa senti 30 kila pointi. Baadaye zikashuka hadi senti 20. Mwaka 2022 Safaricom ilitangaza kwamba pointi zilizozidi miaka 3 zingeanza kufutwa Januari 2023. Kelele zikawa nyingi, mpango ukasitishwa.

Mama yangu ana laini moja tangu enzi hizo na hajawahi kuibadilisha. Aprili ile ya 2020 alikuwa na pointi 11,400. Nilimpigia nikamweleza, akaenda dukani mjini na kurudi na unga, mafuta na sukari vya shilingi 3,420. Angengoja hadi bei ya senti 20, zingekuwa shilingi 2,280. Kuna mtu atasema ni bahati. Mimi nasema aliziona kama pesa, akazitumia siku alipozihitaji.

Na mimi je? Hapa nakiri. Wakati mama anakusanya Bonga, mimi nilikuwa na kadi ya mkopo ya benki moja ya Nairobi, nikipanga kumpandisha ndege kwenda Mombasa kumwona dada yake. Pointi moja kwa kila shilingi 100. Kwa miaka 2 nilitumia shilingi 720,000, nikapata pointi 7,200. Ada ya kadi ilikuwa 4,500 kwa mwaka, jumla 9,000.

Hesabu ya thamani ya pointi ni rahisi, na ndiyo niliyomwandikia yule kijana kwenye karatasi ya kufungia nyama. Chukua bei ya tiketi kwa pesa taslimu. Toa kodi na ada utakazolipa hata ukitumia pointi. Kinachobaki gawanya kwa idadi ya pointi wanazotaka. Tiketi yangu ilikuwa 9,000, kodi na ada 3,000, pointi 8,000. Yaani senti 75 kila pointi. Pointi zangu zote zilikuwa na thamani ya shilingi 5,400, nami nilikuwa nimelipa 9,000 kuzipata. Na hiyo ni bila riba, maana mwezi mmoja nilichelewa kulipa.

Hesabu hiyo niliifanya baada ya mambo kuharibika. Nilikuwa nimebakiza pointi 800, nikachoka na ada, nikaweka kadi kwenye droo. Mwaka mmoja bila kuitumia, pointi zikafutwa. Masharti yalisema hivyo wazi, nami nilikuwa nimebonyeza "Nakubali".

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilipaswa kujua kuliko mtu yeyote. Miaka kadhaa nyuma niliandika mfumo wa pointi kwa mteja mmoja. Sehemu ya kutoa pointi ilinichukua wiki tatu. Sehemu ya kuzifuta, inayojiendesha yenyewe saa sita usiku ya tarehe 31 Desemba, ilinichukua alasiri moja, na ndiyo ambayo mteja aliipima mara nyingi zaidi. Alikuwa ameshaweka kwenye bajeti yake asilimia ya wale watakaosahau.

Kijana aliitazama ile karatasi, akatoa simu, akaanza kutafuta ada ya kadi yake. Nyama ikaletwa. Mama alifika Mombasa hatimaye, kwa matatu hadi Nairobi kisha treni ya SGR, na chakula cha safari alikinunua kwa Bonga. Alipomkuta dada yake alinipigia: "Baba, tumefika salama. Na zile zako za ndege, zilifika ngapi?"