Mtera ikikauka, anaulizwa mtu wa Usangu

Nilikuwa kimya kidogo kwa sababu ya majaribio ya muhula, sasa tumepumua.

Wiki hii kwenye semina tulipewa swali la kujadili: taasisi na viongozi wake hufanya nini mgogoro ukiwakuta, na hujirekebisha vipi? Mifano iliyomwagwa pale ilikuwa ya mbali tupu. Mabenki ya Marekani ya mwaka 2008, viwanda vya magari vya Japani, kampuni za ndege. Si vibaya. Ila mimi ni mtoto wa Rujewa, na nilikuwa nimekaa pale najiuliza, mbona sisi tuna mfano wetu wa zaidi ya miaka thelathini, wenye mawaziri, mabwawa, ng'ombe, majaruba na giza la nchi nzima? Basi leo nauandika hapa, mwenye kuusoma asome.

Kwa wasiojua, Rujewa ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Ukitoka Dar kwa basi unaachana na lami kuu pale Igawa, unaingia ndani. Hapo uko kwenye bonde la Usangu. Mito inashuka kutoka milimani: Mbarali, Kimani, Chimala, Mkoji, Ndembera, na Ruaha Mkuu wenyewe. Inakutana kwenye tambarare, inaingia kwenye ardhioevu ya Ihefu, kisha inatokea kwenye mwamba wa Ng'iriama. Kutoka hapo mto unakatiza Hifadhi ya Ruaha, unafika bwawa la Mtera, halafu Kidatu, na mwisho unaungana na Rufiji. Yaani maji yaleyale yanayonywesha mpunga wetu ndiyo yanayosubiriwa na simba wa hifadhini, na pia na mitambo ya TANESCO.

Na hiyo mitambo haikuwa midogo. Kidatu ina megawati 204, Mtera 80. Katika miaka ya 1990, mabwawa hayo mawili yalibeba zaidi ya nusu ya uwezo wa gridi ya taifa. Mtera ilijengwa hasa kuwa ghala la maji ya Kidatu, ikakamilika 1980, mitambo yake yenyewe ikaja baadaye. Kwa hiyo Mtera ikipungua, mtu wa Kariakoo anakaa gizani bila hata kujua Usangu iko wapi.

Mambo yalianza kuharibika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maji ya Mtera yalishuka, mgao wa umeme ukaanza. Kisha kiangazi cha 1993 Ruaha Mkuu ukakatika kabisa ndani ya hifadhi, viboko wakabaki wamesongamana kwenye madimbwi. Mto ambao watu waliuona wa kudumu ukawa mto wa msimu, na hali hiyo imejirudia mwaka baada ya mwaka.

Sasa taasisi ikikutwa na jambo kama hilo inafanya nini? Kwanza inatafuta nani kasababisha. Na jibu lilipatikana haraka: watu wa Usangu. Wakulima wanamwagilia ovyo, wafugaji wamejaza ng'ombe Ihefu. Jibu hili lilikuwa rahisi kwa kila mtu, maana aliyelaumiwa hakuwepo kikaoni.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kulikuwa na ukweli ndani yake. Kilimo cha mpunga kilikuwa kimepanuka sana. Wabaluchi waliohamia kwetu kabla ya uhuru walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulima mpunga wa kumwagilia. Miaka ya 1970 shamba kubwa la Mbarali likajengwa kwa msaada wa Wachina, likawa chini ya NAFCO. Kapunga likafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katikati yao kukawa na mifereji ya wananchi isiyo na idadi. Na ni kweli kwamba kiangazi, maji yakiwa kidogo, mabanio yalikuwa yanayameza yote.

Lakini kuna mambo mawili ambayo walaumu hawakupenda kuyasema. La kwanza, mengi ya mabanio hayo yaliletwa na serikali na wafadhili wenyewe kwa jina la kuboresha. Banio la zamani la magogo na majani lilikuwa linavuja, na kule kuvuja ndiko kulikompa maji mtu wa chini. Likaja la zege na geti la chuma, likaziba kila kitu. Hongera zikatolewa, mto ukakauka!

La pili ndilo lililonishangaza zaidi niliposoma. Maji yanayojaza Mtera ni ya masika. Maji ya kiangazi yanayotoka Usangu ni machache mno, na mengi yanaishia Ihefu. Kwa hiyo mfereji wa kiangazi unaweza kweli kumuua kiboko wa hifadhini, lakini hauwezi peke yake kuzima taa za Dar es Salaam. Watafiti waliopitia kumbukumbu za mabwawa walionyesha kwamba sehemu ya tatizo ilikuwa namna maji yalivyofunguliwa kutoka Mtera kwenda Kidatu. Maana yake sehemu ya jibu ilikuwa ndani ya ofisi, si ndani ya jaruba. Ila viongozi wengi huona ni rahisi kutuma operesheni wilayani kuliko kufungua daftari lao wenyewe.

Kingine taasisi inachofanya ikiwa na hofu ni kununua haraka. Baada ya mgao wa miaka hiyo, mwaka 1995 ukasainiwa mkataba wa IPTL wa megawati 100 za mafuta pale Tegeta. Ulikuwa wa dharura. Dharura gani? Ugomvi wa gharama ukaenda hadi usuluhishi wa kimataifa, na mtambo ukaanza kuzalisha mwaka 2002! Mvua zilishanyesha na kukatika mara ngapi hapo katikati? Na mkataba huohuo ndio uliozaa sakata la escrow lililowang'oa vigogo mwaka 2014. Ukame wa miezi kadhaa, bili ya miaka ishirini.

Huku kwetu nako yalikuja marekebisho. Ofisi ya maji ya Bonde la Rufiji ilianzishwa 1993, na baadaye wakulima wakatakiwa kulipia haki za maji. Unapewa cheti kinachosema unaruhusiwa lita kadhaa kwa sekunde. Kwenye karatasi inapendeza. Shambani hakuna kipimo, na kiangazi mto wenyewe hauna hizo lita zilizoandikwa. Zaidi ya hapo, mtu akishalipa anaona maji ni yake. Ukimwambia mwachie jirani wa chini, anakuonyesha risiti. Chombo kilicholetwa kupunguza matumizi kikawapa watu sababu ya kuchota zaidi.

Mwaka 2001, Waziri Mkuu Frederick Sumaye akiwa London aliahidi mbele ya dunia kwamba kufikia 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Ahadi nzuri, na nadhani alikuwa na nia njema. Ila kiongozi akiahidi jambo mbele ya wakubwa, walio chini yake watatafuta la kuonyesha, hata kama si lile linalotakiwa. Mwaka 2010 ulifika, mto ulikuwa unakatika kama kawaida.

TANESCO wenyewe walikuwa na mgogoro mwingine, wa pesa. Mwaka 2002 serikali ikawaleta NETGroup Solutions kutoka Afrika Kusini kuliendesha shirika. Wafanyakazi walipinga, menejimenti mpya ikaingia ofisini kwa ulinzi wa polisi. Wakakata umeme kwa wadaiwa sugu, hata ofisi za serikali, na makusanyo yakapanda. Hapo waliweza. Lakini kukusanya madeni hakujazi bwawa. Waliutibu ugonjwa waliotumwa kuutibu, na ule mwingine ukaendelea kukua.

Ukaja mwaka 2006. Ukame mkali, Mtera ikashuka vibaya, mgao ukatanda nchi nzima. Rais Kikwete alikuwa na miezi tu madarakani. Serikali ikafanya mambo mawili kwa mpigo, na mimi naona yanafanana sana.

Moja lilikuwa kwetu. Kuanzia katikati ya 2006 hadi 2007 wafugaji wakaondolewa Usangu na Ihefu, wengi wakielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Mifugo iliyohamishwa ilikuwa zaidi ya laki mbili. Mimi nilikuwa bado, lakini wazazi wetu wanasimulia jinsi vumbi la ng'ombe lilivyokuwa halitulii. Wengine walipoteza mifugo njiani, wengine walilalamika kutozwa faini na kunyanyaswa. Malalamiko yalizidi hadi Rais akaunda tume chini ya Jaji Othman Chande mwaka 2007.

La pili lilikuwa Dar: mkataba wa dharura wa Richmond, megawati 100. Umeme haukuja kwa wakati. Kamati teule ya Bunge ikiongozwa na Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, huku huku kwetu Mbeya, ikasoma ripoti yake Februari 2008. Tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, mawaziri Karamagi na Msabaha nao wakaachia, baraza likavunjwa.

Mwaka huohuo wa 2008 Ihefu ikaingizwa Hifadhi ya Ruaha, ikawa na zaidi ya kilomita za mraba 20,000, kubwa kuliko zote nchini wakati ule. Na vijiji vikajikuta ndani ya ramani. Mgogoro wa mipaka ukadumu miaka na miaka, hadi mipaka ikatangazwa upya mwaka 2023.

Wadau, angalieni kinachofanana. Kuhamisha ng'ombe na kusaini Richmond vyote vilikuwa vitendo vya kuonekana kwamba kuna kitu kinafanyika. Vyote vilifanywa haraka kuliko maswali. Tofauti ni moja tu: la Dar liliundiwa kamati iliyosomwa bungeni nchi nzima ikisikia, na wakubwa wakaanguka. La Usangu liliundiwa tume, na ng'ombe waliokufa hawakurudi.

Sasa kuna upande mwingine wa hadithi hii ambao haukuingia kwenye vichwa vya habari. Kati ya 2001 na 2005 Chuo Kikuu cha Sokoine, Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa maji, IWMI, walikuwa na mradi wa utafiti huku Usangu. Profesa mmoja wa East Anglia, Bruce Lankford, alibuni mchezo. Ni ubao mkubwa wa mbao uliolazwa kwa mteremko, umechorwa mto. Juu wanamwaga gololi, hizo ndizo maji. Pembeni kuna vishimo, hayo majaruba. Kila mchezaji ana vijiti vya kuweka kama banio ili gololi ziingie shambani kwake.

Wakakaa wakulima wa juu na wa chini ya mto mmoja. Gololi zikamwagwa. Wa juu anajaza vishimo vyake mpaka zinafurika, wa chini anaokota moja, mbili. Watu wanacheka, wanagombana, wengine wanataka kudaka kwa mkono. Halafu linaulizwa swali: tufanyeje? Hakuna mtaalamu anayejibu. Wanajibu wenyewe: tupeane zamu, tupunguze mabanio, tuchague wa kusimamia. Zamu wala si kitu kigeni, wazee walikuwa nayo kwenye mifereji yao tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa juu aliuona upungufu wa mwenzake kwa macho.

Sisemi gololi ziliujaza Mtera, la hasha. Lakini linganisheni. Mgao wa umeme na zamu ya maji ni kitu kimoja: kugawana upungufu. Mgao unapangwa ofisini na wewe unatangaziwa, ndiyo maana watu wanaulaani hata ukiwa wa haki. Zamu unaipanga na jirani yako, ndiyo maana anayeiba maji usiku anaona aibu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ilizipa jumuiya za watumia maji nafasi yake kisheria. Hilo naliona ni kujirekebisha kwa kweli, ingawa utekelezaji ndo hivyo tena.

Kwa upande wa umeme nako nchi ilijifunza kiasi. Gesi ya Songosongo ilianza kuendesha mitambo Ubungo mwaka 2004, ikaja ya Mtwara, na mwaka 2024 bwawa la Nyerere kule Rufiji likaanza kuzalisha. Mtera haituweki tena roho mkononi kama zamani. Lakini mwishoni mwa 2022 mvua zilipochelewa, mgao ulirudi, na vidole vikanyooka upesi kule kule: Usangu. Kana kwamba hatukuwahi kufanya utafiti hata mmoja.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la semina ni hili. Msipime taasisi kwa kasi yake siku ya mgogoro. Ulizeni nani alikaa mezani. Aliyelaumiwa asipokuwepo, uamuzi utakuwa wa haraka, utapigiwa makofi, na miaka kumi baadaye utarudiwa. Akiwepo mtu wa mkiani mwa mfereji, kikao kitakuwa kirefu na cha kelele, lakini watakachokubaliana hakitahitaji operesheni.

Wenzangu wa Kilombero na Kidatu, ninyi mlioko upande wa chini wa maji haya, niambieni kwenu wazee wanalielezaje jambo hili. Alamsiki.